Lahaja na Hukumu ya Kimaadili katika Ntuppuppakkoranendarnnu ya Vaikom Muhammad Basheer

Riwaya ya Vaikom Muhammad Basheer, Ntuppuppakkoranendarnnu (1951), inakiuka Kimalayalamu sanifu tangu kwenye jina lake. Kwa usanifu, jina hilo lingekuwa sentensi ya maneno matano, ente uppuppaykku oru aana undayirunnu, yaani “babu yangu alikuwa na ndovu”. Basheer ameyaandika yanavyosikika vinywani mwa wahusika wake, Waislamu wa Kerala, na matano yamekuwa moja.

Ni rahisi kuuita usemi huo lahaja ya eneo. Hata hivyo, neno uppuppa linadhihirisha jamii ya msemaji kuliko mahali atokako, kwa kuwa jirani yake Mhindu angesema appuppan au muthachan. Tafsiri ya Kiingereza ya R. E. Asher (1980) imedondosha sauti h katika kitenzi cha jina la kitabu. Msomaji wake anasikia usemi wa tabaka la chini, lakini utambulisho wa kidini unafifia.

Inaweza kudaiwa kuwa riwaya yenyewe inaishusha lahaja. Kunjupathumma, binti asiyejua kusoma, anafundishwa na Aisha, msichana aliyeelimika. Mama yake naye anang’ang’ania fahari ya ndovu wa marehemu baba yake huku familia imefilisika. Dai hili lina ukweli, ila halielezi hitimisho la riwaya. Mwishoni, watoto wanaikejeli fahari hiyo kwa kusema kwamba ndovu yule alikuwa kuyyana tu. Neno hilo, ambalo kwa usanifu ni kuzhiyana, maana yake sisisi ni “ndovu wa shimo”, nalo ni jina la kijidudu kinachochimba vishimo mchangani. Ndovu mkubwa wa babu amegeuzwa mdudu kwa nyongeza ya silabi tu.

Ni muhimu kutambua kwamba kejeli hiyo haitoki kwa mwalimu wala katika usanifu. Inatoka kwa watoto, kwa matamshi yaleyale ya lahaja yaliyoijenga fahari. Kwa hiyo, kinachohukumiwa katika riwaya ni majivuno ya nasaba, na lahaja ndiyo inayotoa hukumu. Uhakiki unaoiona lahaja hiyo kuwa kichekesho au alama ya ujinga unawanyima wasemaji wake uwezo ambao Basheer amewapa: uwezo wa kujikosoa kwa lugha yao wenyewe.