Watatu waliotoka vitani, shamba moja

Nimeirudia Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya ya mwaka 1964, na safari hii kuna jambo limenishika ambalo watu wengi huwa tunalipita. Tumezoea kuisoma kama riwaya ya Mau Mau na ya elimu: Njoroge na vitabu vyake, basi. Lakini hebu wahesabu waliotoka vitani humo ndani. Mzee Ngotho alichukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akafyeke misitu na kutengeneza barabara. Bwana Howlands, Mwingereza, naye ni zao la vita hivyohivyo. Boro, mtoto wa Ngotho, akapigana vya Pili, na ndugu yake Mwangi akafia hukohuko.

Siku hizi inasemwa sana kwamba kilimo cha bustani kinamponya askari aliyestaafu. Mkono ukishika udongo, moyo unatulia. Sibishi. Hata Homer alilijua hilo: Odysseus anaporudi kutoka vitani anamkuta baba yake Laertes akipalilia shambani. Mzee haamini kama ni yeye. Odysseus anamwonyesha kovu, halafu anaanza kumhesabia miti aliyopewa utotoni: mipea 13, mitufaha 10, mitini 40. Ndipo magoti ya mzee yanalegea.

Odysseus lakini alirudi akaikuta miti bado ni yao. Ngũgĩ anauliza swali ambalo Homer hakuwa na haja nalo: hilo shamba ni la nani?

Howlands anaikimbia kumbukumbu ya vita kwa kujizika kwenye ardhi ya Kenya. Ardhi hiyohiyo ni ya mababu wa Ngotho, ambaye sasa ni kibarua wake. Kuna sehemu wanatembea pamoja shambani, wanakagua mche wa chai hapa, wanang'oa gugu pale, na kila mmoja anaipenda ardhi ile kwa dhati. Kwangu ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote kwenye kitabu. Ukiitazama kwa mbali utasema wazee wawili wanatibiwa na udongo. Kumbe dawa ya mmoja ndiyo kidonda cha mwenzake. Na hata huyo Howlands hakupona: hali ya hatari ilipotangazwa akawa afisa wa wilaya, akatesa watu, na mwisho Boro akamuua.

Boro ndiye anayeniuma zaidi. Akiwa msituni anakiri kwamba hata ardhi ikirudi, amepoteza wapendwa wengi mno, haitakuwa na maana kubwa kwake. Yaani dawa nayo ina wakati wake, na kwake ulishapita. Hapa nina lawama kidogo kwa mwandishi: hampi Boro hata saa moja ya kushika jembe kwenye ardhi yake mwenyewe, kwa hiyo hatujui angekuwa mtu gani. Ila pengine hiyo ndiyo hoja yake.

Ukisomea kitabu hiki Mbulu au Hanang, hakikai kama habari za Wakikuyu peke yao. Kijana wa Kibarbaig aliyekwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 aliacha nyuma mashamba ya ngano ya NAFCO huko Basotu, yaliyokuwa yakila malisho ya kwao. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda kesi Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu. Sasa mtu kama huyo umwambie akalime bustani apone, akalime wapi?

Upande wa Mbulu nilimfahamu mzee mmoja wa Kagera aliyelima vitunguu saumu. Ukimuuliza vita, anakuonyesha tuta. Wapo waliosema amepona. Mimi sijui, kunyamaza shambani kunaweza kuwa kupona, kunaweza pia kuwa kujificha, kama Howlands. Nilichokiona ni kwamba tuta lilikuwa lake, na hakuna aliyemwamuru alihame.

Fasihi yetu haijamfuata mzee huyo. Henry Muhanika ametupa utenzi wa Vita vya Kagera, na jina lake linataja pia anguko la Idi Amin. Amin alianguka Aprili 1979. Mgambo waliotoka vijijini walirudi vijijini, na maisha yao yakaendelea kwa miaka mingi baada ya shangwe. Shaaban Robert naye alitutungia Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Vita tunazo za kutosha. Ninachokisubiri ni riwaya ya Kiswahili inayoanza siku askari anaposhuka basi Katesh au Dongobesh na kifurushi chake, anatafuta jembe, na kwanza kabisa anauliza kama shamba bado lipo. Wazee wenyewe wanazidi kupungua. Mwenye kalamu awahi.