Macho Mengi, Mhakiki Mmoja: Uhakiki wa Hoja ya Eric Raymond kuhusu Usomaji wa Programu Huria

Katika insha yake ya mwaka 1997, The Cathedral and the Bazaar, Eric Raymond anadai kwamba programu ikipata wasomaji wa kutosha, karibu kila kasoro itabainika upesi na kupata wa kuirekebisha. Dai hilo, ambalo aliliita Sheria ya Linus, limerudiwa mno hata likachukuliwa kuwa kanuni. Udhaifu wake ni kwamba linahesabu wote wanaoruhusiwa kusoma msimbo, ilhali usalama wa programu humtegemea yule aliyekubali kusoma mchango fulani kabla haujapokelewa. Neno mhakiki lenyewe lahitaji tahadhari hapa. Mhakiki wa fasihi huikuta kazi imekwisha kuchapishwa. Mhakiki wa msimbo huisoma ingali mlangoni, naye aweza kuizuia. Kwa wajibu huo yu karibu zaidi na mhariri.

Mfano wa OpenSSL unajulikana. Kasoro iliyoitwa Heartbleed iliingia mwishoni mwa 2011, ikasambazwa katika toleo 1.0.1 la Machi 2012, na kutangazwa Aprili 2014. Mchango ule ulisomwa na mmoja wa watunzaji wa mradi, lakini hakugundua kwamba urefu wa data uliotajwa na mtumaji haukulinganishwa na urefu halisi. Muda huo wote msimbo ulikuwa wazi kwa yeyote.

Mtetezi wa Raymond atasema kwamba Linux ina utaratibu: faili la MAINTAINERS huorodhesha wahusika wa kila sehemu, na programu ndogo ya get_maintainer.pl humtajia mchangiaji watu wa kuwapelekea kazi yake. Lakini kama wasomaji wangejileta wenyewe, orodha hiyo ingehitajika kwa lipi? Tena orodha hutoa jina tu. Haijui kama mwenye jina ana nafasi ya kusoma.

Katika XZ Utils uhaba huo uligeuzwa kuwa silaha. Mtunzaji wake, mtu wa kujitolea, alilalamikiwa hadharani kwa kuchelewesha michango. Msaidizi aliyejiita Jia Tan akajenga imani kwa miaka kadhaa hadi akapewa mamlaka ya utunzaji. Mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri. Andres Freund aliugundua alipochunguza kwa nini kuingia kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde. Wapo watakaomhesabu miongoni mwa macho mengi ya Raymond. Nasita kukubali, kwa kuwa hakuwa akihakiki mchango wowote wa mradi ule, na sehemu ya msimbo wa hila ilikuwa katika vifurushi vya toleo tu, nje ya hazina ambayo wahakiki huisoma.

Ni haki kuongeza kwamba Raymond aliandika akiutazama mradi wake wa fetchmail, ambako yeye mwenyewe ndiye aliyepokea na kuchuja marekebisho. Mhakiki alikuwapo tangu mwanzo, ila hakujihesabu.