Hirizi na Kidani: Ikhlasi na Juhudi katika Malezi ya Mtoto ndani ya Utendi wa Mwana Kupona

Sehemu kubwa ya uhakiki wa Utendi wa Mwana Kupona imeshughulikia uhusiano wa mke na mume. Mwelekeo huo hauna ajabu. Beti nyingi zinahusu utumishi wa nyumbani, na Werner na Hichens walipouchapa utendi huu mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linaloutaja wajibu wa mke. Hata hivyo, utendi huu uliotungwa mnamo mwaka 1858 ni, kabla ya yote, mafunzo ya mama mgonjwa kwa binti yake. Ukisomwa kama matini ya malezi, unaibua swali ambalo uhakiki huo umelipita haraka: mtoto anafundishwa kufanya bidii kwa ajili ya nani?

Swali hili ni zito katika Uislamu. Hadithi inayofungua Sahihi ya Bukhari inaifungamanisha thamani ya amali na nia ya mtendaji. Tendo jema linalofanywa ili lionwe na watu huwa riya. Mwana Kupona anamwekea binti radhi tano za kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Tatu kati ya hizo ni za binadamu wanaomwona akifanya kazi. Hapo ndipo penye hatari, kwani mtoto anayezoea kusifiwa na wakubwa huweza kuifanya sifa kuwa ndiyo lengo lake.

Mtunzi halijibu jambo hili kwa hoja bali kwa taswira. Mwanzoni anampa binti hirizi, aifunge kwa uzi na kuitukuza. Kisha anaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani king'aacho shingoni. Taswira hizi zimezoeleka kuchukuliwa kama mapambo ya utangulizi tu. Lakini maandishi ya hirizi hukunjwa na kushonewa ndani, hayasomwi na mpita njia. Kidani huonwa na kila mtu. Mpangilio wake una maana: kilichofichika kinatangulia, king'aacho kinafuata. Mtoto hakatazwi kupendeza mbele za watu. Anafundishwa kuwa uzuri huo una kitu nyuma yake kisichoonekana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umo katika beti za utumishi wenyewe, ambamo wahakiki wengi wameona utiifu mtupu. Mke anaambiwa amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Ulinganisho huu kwa hakika unamshusha mume kidogo (jambo ambalo halijafurahiwa vya kutosha), lakini pia unaondoa uwezekano wa sifa, kwani mtoto asiyesema hashukuru. Na pale mume anapotenda ubaya, mtunzi anamwelekeza binti kwa Mungu kuwa ndiye atakayemlipa. Kwa hiyo juhudi haimtegemei anayehudumiwa. Mume ni mahali pa kazi, si mlipaji wa mwisho.

Usomaji huu usigeuzwe kuwa utetezi. Mtunzi alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, na anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Katika nyumba ya namna hiyo, jasho jingi lilikuwa la watumwa, nao hawazungumziwi kama watu wenye nia, wala radhi zao hazimo katika zile tano. Binti anafundishwa kwamba Mungu huutazama moyo wa mtendaji, na papo hapo anafundishwa kutoitazama mioyo ya watendaji walio karibu naye zaidi. Mwalimu wa madrasa au wa sekondari anayeusomesha utendi huu kwa ajili ya maadili hawezi kuzikata beti hizo na kubaki na hirizi peke yake. Watoto wanaousoma leo wamo pia wa nyumba zenye watumishi, na wamo watoto wa watumishi hao.