Kadhi Mgeni na Ada za Wenyeji: Kumsoma Tena Ibn Battuta

Kitabu cha safari za Ibn Battuta (Mwenyezi Mungu amrehemu) husomwa na watu wetu kwa ajili ya kurasa chache tu, zile za Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alikopita mwaka 1331. Tunazitaja ili kuthibitisha kuwa pwani hii ilikuwa na misikiti, makadhi na wanafunzi wa elimu kabla Mreno hajaiona. Hilo ni kweli, wala hatuna ugomvi nalo. Lakini mwenye kitabu alikuwa fakihi wa madhehebu ya Imamu Malik kabla hajawa msafiri, na karibu kila mji alioingia aliutolea hukumu: hili jema, hili baya. Hukumu hizo ndizo tunazotaka kuzitazama hapa, kwani hadi leo wapo vijana wetu wanaorejea kutoka masomoni ng'ambo wakiwa na mizani ileile, na wa kwanza kupimwa nayo ni mama zao.

Kwanza neno juu ya kitabu chenyewe. Ibn Battuta hakukiandika kwa mkono wake. Aliporejea Morocco alimsimulia Ibn Juzayy, mwandishi kutoka Granada, na masimulizi hayo yakamalizika mjini Fez mwezi wa Dhul-Hijja 756H, yaani Desemba 1355. Kati ya kushuka kwake Mogadishu na siku hiyo ni zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa ameshika daftari la kila siku. Ameshika kumbukumbu za mtu aliyepita miaka hamsini, naye amechagua la kulihadithia na la kuliacha.

Mogadishu ada ilikuwa kwamba mfanyabiashara akishuka hufikia kwa mwenyeji wake, lakini fakihi au sharifu hafikii popote mpaka aonane kwanza na Sultani. Basi mgeni wetu akapokewa na kadhi, akapelekwa mlangoni kwa Sultani, akaletewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya Damascus, kisha akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi. Chakula kikamfuata: wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi, na embe. (Anaongeza kuwa mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha watu kadhaa wa kwao, na kwamba ni wanene mno. Haya tumwachie mwenyewe.) Siku ya Ijumaa akaletewa mavazi, na miongoni mwake shuka ya khazz ya kufunga kiunoni badala ya suruali, kwani suruali watu wale hawakuzijua. Fakihi wa Tangier akafunga shuka yake akaenda msikitini, wala hatuoni neno la lawama. Baada ya swala Sultani akavaa viatu, akamwamuru kadhi avae na mgeni avae, na watu wengine wote wakatembea pekupeku. Kuvaa viatu siku ile kulikuwa alama ya daraja, naye aliwekwa upande wa wenye daraja. Juu ya kichwa cha Sultani palikuwa na miavuli minne ya hariri, na juu ya kila mmoja sanamu ya ndege wa dhahabu. Na salamu ya kumwamkia ilikuwa kugusa ardhi kwa kidole cha shahada, kisha kukiweka kidole kichwani. Ibn Battuta anasema tu kuwa ndivyo wanavyosalimiwa wafalme wa Yemen, akapita.

Sasa tumfuate Mali, alikofika mwaka 1352. Huko aliyezungumza na Mansa Sulayman alijimwagia vumbi kichwani kwa kumheshimu. Hili Ibn Battuta ameliweka katika orodha ya mabaya ya watu wale. Tunauliza: kidole kinachotoka ardhini kwenda kichwani, na vumbi linalotoka ardhini kwenda kichwani, vinatofautiana wapi kifikihi? Atakayesema kuwa vumbi ni kujidhalilisha kupita kiasi mbele ya kiumbe ana hoja ya kusikilizwa, lakini mwenye kitabu hakuitoa. Alichotueleza ni kuwa alitazamia mavazi na fedha kutoka kwa Mansa, akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, akacheka. Hatuingii katika nia yake. Twasema tu kuwa pale alipovishwa na kulishwa vizuri ada za wenyeji zilimpendeza, na pale sahani ilipokuwa ndogo alianza kuhesabu makosa. Kwa haki yake, huko huko Mali amewasifu watu kwa kuchukia dhuluma, kwa usalama wa njia zao, na kwa kuwafunga watoto wao pingu mpaka wahifadhi Qur'ani.

Ajabu ni kuwa mizani iliyo bora alikuwa nayo katika madhehebu yake mwenyewe. Al-Qarafi, mwanachuoni mkubwa wa Kimaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684H (1285), alikwishaandika kuwa hukumu zilizojengwa juu ya ada hugeuka ada ikigeuka, na kwamba mufti akijiwa na mtu wa mji mwingine asimjibu kwa ada ya mji wake yeye mufti mpaka amuulize kwanza ada ya kwao. Na Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790H (1388), ametoa mfano wa mwanamume kutembea kichwa wazi: katika nchi za mashariki humwondolea mtu heshima yake, na katika nchi za magharibi haimdhuru kitu. Kanuni ya kuwa ada hutegemewa katika hukumu imo katika kanuni kubwa tano ambazo kila mwanafunzi wa fikihi huzihifadhi. Kuihifadhi ni kazi ya siku moja. Kuitumia mbele ya watu usiowazoea ndiyo kazi yenyewe.

Mahali ambapo jambo hili liligharimu watu ni Maldivi. Kule alifika mwaka 1343, enzi ya malkia Khadija, akafanywa kadhi. Aliamrisha wanawake wafunike miili yao, kwani walikuwa wakijifunga kuanzia kiunoni kushuka chini. Hakuweza. Alichofanikiwa ni kuwa mwanamke asiyejifunika haingii kwake kushitaki. Hukumu ya sitara ina dalili zake, wala si hapo tunapomlaumu. Lakini tazama matokeo: asiyekuwa na nguo ya kujifunika alikosa kadhi.

La pili ni zito zaidi. Ada ya visiwa vile ilikuwa kwamba mwanamke aliyeachwa hubaki katika nyumba ya aliyemwacha mpaka aolewe na mwingine. Ibn Battuta akaikata. Akaletewa wanaume kama 25 waliofanya hivyo, akawapiga, akawatembeza masokoni, na wanawake akawatoa majumbani. Kwa upande wa sheria, eda ikiisha mtalaka ni mtu wa kando kwa aliyemwacha, na kukaa faragha chini ya paa moja hakuruhusiwi. Katika hilo kadhi alisimama juu ya msingi. Lakini ada ile ilikuwa na kazi: ilimpa makazi mwanamke asiye na mume. Pwani kwetu kazi hiyo hufanywa na baba au kaka, mtalaka hurudi kwao na kuna chumba kinachomngoja. Visiwani kule ilifanywa na nyumba ya mume wa zamani. Wanawake wale walilala wapi usiku ule? Kitabu kimetupa hesabu ya wanaume waliopigwa, na juu ya makazi ya wanawake hakuna hata sentensi moja. Kadhi mwenye kujua ada angeuliza hilo kabla ya kuinua bakora, akamtafutia kila mmoja walii au nyumba, kisha akatenganisha.

Na liko moja ambalo halikumfikisha kwenye bakora. Wanawake wa Maldivi hawakuwa wakila pamoja na waume zao: mke humpakulia mumewe, humwondolea vyombo, naye hula peke yake, hata mume hajui mkewe anakula nini. Ibn Battuta alioa huko wake kadhaa, akataka wale naye. Baadhi yao wakakubali. Wengine wakakataa, naye akaishi nao bila ya kuwaona wakila, na hakuna hila aliyoitumia iliyomfaa.