Kapo Ilitangulia: Kulisoma Umbo la Gitaa Dogo la Safari

Kwenye maduka ya ala, gitaa dogo huuzwa kwa sauti ya kuomba radhi. Muuzaji atakuambia ni la mtoto, ni la kujifunzia, ni la kukusukumia siku ukiwa njiani hadi urudi nyumbani kwenye gitaa la kweli. Wanunuzi nao huliona hivyo hivyo, kubwa lililopunguzwa. Mimi nasema umbo hilo limesomwa vibaya. Lina kanuni zake, na kwa mpigaji wa gitaa kavu aliyekulia pande zetu hizi za Machakos, mikono yake ilizijua kanuni hizo kabla ya kiwanda chochote cha Marekani kuzichora kwenye karatasi.

Tuanze na kipimo kinachotawala vingine vyote, yaani urefu wa uzi unaotetema, kutoka mfupa ule mdogo ulio chini ya kichwa mpaka kwenye daraja. Katika gitaa kubwa la nyuzi za chuma urefu huo ni takribani milimita 645. Baby Taylor, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ina milimita 578. Little Martin, ile ambayo Ed Sheeran alisimama nayo peke yake mbele ya viwanja vilivyojaa watu, ina 584. Sasa lichukue gitaa kubwa, ubane kapo, kile kibanio cha kukandamiza nyuzi zote, kwenye freti ya pili, kisha upime uzi uliobaki. Utapata milimita 575 hivi. Kumbe hilo gitaa dogo la dukani ni gitaa kubwa lililobanwa kapo freti ya pili, ila kapo yenyewe imegandishwa kiwandani na kipande cha shingo kilichobaki nyuma yake kimekatwa na kutupwa.

Na kapo si mgeni Afrika Mashariki. Wapigaji wengi wa gitaa kavu wa miaka ya 1950 na 1960 waliibana juu kabisa ya shingo, na aliyekosa ya dukani alifunga penseli kwa mpira, kazi ikaendelea. Walifanya hivyo kwa sababu za sikio: sauti ilipanda ikakutana na koo la mwimbaji, nyuzi zikang'aa, na kidole gumba kikapata uzi mkavu usiovuma kupita kiasi. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, ndiye jina linalotajwa kwanza panapozungumzwa omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya. Gumba na kidole cha shahada vinafanya kazi yote, na pembeni kuna chupa ya Fanta inayogongwa kuweka mapigo. Ukisikiliza muziki huo kwa makini hutasikia mwangwi mzito wa chini. Kuna sauti mbili nyembamba zinazopishana, na utamu wote unatoka kwenye kupishana huko.

Mwenda wa Bayeke, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Jean-Bosco, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na kufikia mwishoni mwa miaka hiyo ya 50 alikuwa amefika Nairobi na kusikika redioni. Kazi yake ina ufundi mwingi kuliko ya wengine, lakini mpango ni ule ule: gumba linatembea, shahada inajibu. Baadaye benga ikaja na umeme. Katika rekodi za Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, kundi lililobeba jina la mlima tunaouona kutoka kaskazini mwa kaunti yetu, gitaa la solo linakaa juu ya shingo likijibizana na mwimbaji, huku kazi ya chini ikiachiwa besi. Ndiyo maana kijana wa Machakos akipewa gitaa kavu na kuambiwa apige kitu cha nyumbani, mkono wake wa kushoto huanza kukwea.

Hesabu moja zaidi, kwa sababu watu husema freti za gitaa dogo zimebanana. Freti ya kwanza ya gitaa kubwa iko milimita 36 kutoka kwenye mfupa. Ya Baby Taylor iko kama milimita 32. Lakini ukibana kapo freti ya tano kwenye gitaa kubwa, walivyozoea wengi wa wazee wale, nafasi ya kwanza mbele ya kapo ni milimita 27 tu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba gitaa la safari halina nafasi ya vidole analalamikia kitu kipana kuliko kile ambacho muziki wenyewe ulichezewa.

Hadi hapo gitaa dogo linashinda kirahisi mno, nami huwa nashuku hoja inayoshinda kirahisi. Kasoro iko tumboni. Kapo inafupisha uzi lakini haigusi kasha. Mukabi wa kapo ya juu bado alikuwa na kisanduku kizima cha hewa chini ya mkono wake wa kulia. Gitaa dogo linafupisha vyote viwili. Kasha la gitaa kubwa la aina ya dreadnought lina upana wa takribani sentimita 40 kwenye makalio, la Baby Taylor ni kama 32. Hewa iliyo ndani ikipungua, ile sauti ya chini ambayo kasha hupenda kuitikia hupanda, na uzi mnene wa E, unaotetema mara 82 kwa sekunde, hukosa wa kuupokea. Utausikia mlio wake wa kwanza, ule wa kidole kugusa uzi, halafu mwili wa sauti haufuati.

Kosa jingine linatokana na mazoea ya kutuni. Uzi ule ule ukiufupisha kutoka milimita 645 hadi 578 na kuubakisha kwenye noti ile ile, mkazo wake unashuka kwa karibu asilimia 20. Unalegea. Ukiupiga kwa gumba kwa nguvu ya benga unagonga freti na kupiga kelele, na mpigaji anahukumu gitaa kuwa bovu. Dawa imo katika umbo lenyewe. Pandisha nyuzi zote kwa toni moja. Mkazo unarudi karibu kabisa na ule wa gitaa kubwa, na noti ya chini inapanda kuelekea pale ambapo kasha dogo linaweza kuitikia. Yaani litumie gitaa hili kama gitaa lenye kapo freti ya pili, kama linavyojieleza lenyewe, badala ya kulilazimisha liige kaka yake. Asiyetaka kupandisha aweke nyuzi nene kidogo. Hiyo nayo inasaidia mkazo, ila haifanyi chochote kwa hewa ya ndani.

Tulinganishe na umbo lililochagua kinyume chake. Martin Backpacker inaihifadhi shingo, milimita 610 hivi, na kulikata kasha mpaka likabaki jembamba kama mwiko wa kusongea ugali. Ni umbo la mtu aliyedhani roho ya gitaa iko mkono wa kushoto. Haliketi pajani, na bila mkanda kichwa kinashuka sakafuni. Mkono wa kushoto, ambao ungepaswa kukimbia, unageuka kuwa mhimili wa kubeba. Mwaka 1994 moja ya hizo ilipandishwa angani ndani ya chombo cha Columbia, na naamini huko ndiko mahali pake halisi, kwa maana hakuna kitu kinachoelemea upande wowote. Hapa duniani, kwa mtindo wa gumba na shahada unaotaka mkono wa kulia utulie kabisa, sioni kwa nini mtu ainunue.

Kuhusu mbao nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo Machakos inapoamua. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600, mvua ni za misimu miwili, na katikati yake kuna miezi ya vumbi na upepo mkavu. Ubao mzima wa sprusi juu ya gitaa, ule unaosifiwa kwenye karatasi za matangazo, hunywa na kutema unyevu kila msimu. Ushuke nao Mombasa, ukae wiki moja kwenye unyevu wa pwani, kisha upande nao tena mpaka kwenye ukavu wa Agosti, na utaona uso wa gitaa ukivimba nyuma ya daraja, halafu ukibonyea, na siku moja ufa mwembamba unafuata mkondo wa nyuzinyuzi za mti. Wachonga vinyago wa Wamunyu wanaijua habari hii kuliko muuzaji yeyote wa magitaa. Ufundi wao, unaohusishwa na Mutisya Munge aliyeujua Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, umeuza vinyago vingi ng'ambo, na kinyago cha mti uliokatwa mbichi kikifika kwenye nyumba iliyopashwa moto wakati wa baridi hupasuka kifuani.

Kwa gitaa la safari, basi, plaiwudi si aibu. Tabaka zake zimelazwa zikipingana, moja ikitaka kuvuta nyingine inazuia. Little Martin imekwenda mbali zaidi: mgongo na mbavu zake ni karatasi zilizoshindiliwa kwa gundi, ndugu wa kile kinachofunika meza za jikoni. Wapenda mbao hukunja uso, ila mimi naona huo ni uamuzi wa kimtindo ulio mwaminifu kwa kazi iliyokusudiwa. Wala si wazo jipya. Gitaa la kwanza la John Lennon, katika miaka ya 1950, lilikuwa Gallotone Champion, dogo la robo tatu, lililotengenezwa Afrika Kusini, na ndani yake lilikuwa na lebo ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Kampuni ya Gallo, iliyomiliki jina hilo la Gallotone, ndiyo pia iliyosambaza rekodi za Mwenda wa Bayeke. Gitaa hilo la Lennon lilipouzwa mnadani London mwaka 1999, ahadi ya lebo ile ilikuwa imeshapita miaka 40. Ahadi ya namna hiyo haiandikwi kwa ajili ya mvua za Liverpool. Waliofikiriwa ni watu wa jua na ukame, kama sisi.

Urefu mzima nao una kauli yake. Gitaa kubwa lina karibu sentimita 104. Ukiingia nalo matatu ya abiria 14 pale stejini, makanga ana majibu matatu: karia, buti, au ulipie kiti. Karia ni jua na vumbi, na buti ni gunia la maembe juu ya shingo. Baby Taylor na Little Martin zina kama sentimita 86 kila moja, na zinasimama katikati ya magoti, kichwa kikiwa usawa wa kidevu. Makanga hana la kusema. Ukifika Machakos Country Bus kule Nairobi na kubadilisha gari kuendelea na safari, unashuka nalo mkononi. Kwangu hiki ni kipimo cha umbo chenye uzito sawa na sauti, maana gitaa lililoachwa nyumbani kwa hofu ya karia halina sauti yoyote.

Yamaha Guitalele inakwenda ndogo zaidi, uzi wa milimita 433, na hutuniwa nusu toni tano juu, sawasawa na kapo kwenye freti ya tano. Kinadharia ndilo gitaa la omutibo kamili. Kwa vitendo lina nyuzi za nailoni, na ule mng'ao mkali wa chuma, ambao ndio nusu ya muziki wetu, haupo. Ni zuri kwa kubuni wimbo kitandani. Yale ya shingo inayokunjwa kwa bawaba, kama Voyage-Air, yanakataa mjadala huu wote na kubaki na urefu kamili. Nayaheshimu, lakini siku bawaba itakapolegea ukiwa Masinga utamtafuta fundi wa milango.

Ningechagua, basi, lile la milimita 578 au 584, lenye plaiwudi au karatasi, likiwa limepandishwa toni moja. Anayepigia kwaya atahitaji kuelewana na wa kinanda kabla ya ibada: umbo la G likishikwa, kinanda ni A, na umbo la C ni D. Wimbo ukianzishwa kwa F, jambo ambalo walimu wa kwaya hulipenda kuliko wapiga magitaa, bana kapo freti ya kwanza na ushike umbo la D.