Pari 18 za Muirfield: Jinsi Nick Faldo alivyoibomoa swingi yake

Jumapili ya tarehe 19 Julai 1987, huko Muirfield, Uskoti, mchezaji wa gofu Nick Faldo alicheza mashimo 18 na kila shimo akalimaliza kwa pari, yaani kwa idadi ileile ya mikwaju ambayo shimo linamdai mchezaji hodari. Hakupunguza hata mkwaju mmoja, hakuongeza hata mmoja. Ilikuwa siku ya ukungu, manyunyu na baridi. Alimaliza raundi kwa mikwaju 71, jumla 279 kwa siku nne, na taji la The Open, moja ya mashindano makuu ya gofu, likawa lake kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Wapo waliosema siku ile, na hadi leo wapo wanaosema, kwamba Faldo hakushinda. Alishindwa Paul Azinger. Mmarekani huyo alikuwa mbele kwa mikwaju 3 baada ya mashimo 9, kisha akaharibu mashimo mawili ya mwisho. Hukumu hiyo siikubali. Zile pari 18 ndizo hasa alizokuwa akizitafuta Faldo tangu mwaka 1985, na alizilipia kwa gharama ambayo wachezaji wachache wa kulipwa wangethubutu kuilipa. Tuangalie alifanyaje.

Kwanza, hakuwa mchezaji aliyeshindikana. Mwaka 1983 alishinda mashindano 5 ya Ulaya na kuongoza orodha ya mapato ya bara hilo. Mwaka 1984 alishinda Marekani, katika mashindano ya Heritage kule Hilton Head. Mtu wa namna hiyo huambiwa na kila rafiki yake asiguse kitu. Ila Faldo alikuwa ameshayaona mambo mawili. Kwenye The Open ya 1983 kule Royal Birkdale alikuwa kileleni ndani ya raundi ya mwisho, akateremka hadi nafasi ya 8. Kwenye Masters ya 1984, mashindano mengine makuu, aliingia siku ya mwisho akiwa jirani na viongozi, akapiga 76. Magazeti ya Uingereza yalimbandika jina la kejeli na kusema hana moyo wa mashindano makubwa. Yeye alihitimisha tofauti: moyo upo, kinachomwangusha ni umbo la swingi yenyewe, yaani namna anavyoizungusha fimbo kuupiga mpira.

Na hapo ndipo uchambuzi unapoanza kunoga. Faldo ni mrefu, futi 6 na inchi 3. Katika swingi yake ya zamani fimbo ilipanda karibu wima, mikono ikaenda juu sana. Wakati wa kushuka, magoti yalikimbilia upande wa shabaha huku kifua kikibaki nyuma, na mpira ulipokuwa ukiondoka mgongo wake ulikuwa umepinda kwa nyuma. Picha zake zilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba miguu ikitangulia hivyo, fimbo inaachwa nyuma ya mwili, na kilichobaki cha kuurudisha uso wa fimbo kwenye shabaha ni viganja peke yake. Viganja vikiwahi, mpira unakwenda kushoto. Vikichelewa, unakwenda kulia. Mchezaji mwenye mdundo mzuri anaweza kulipatia hilo wiki nzima, na Faldo alikuwa na mdundo mzuri kuliko karibu wote wa rika lake. Lakini mdundo ndio kitu cha kwanza kuondoka mapigo ya moyo yakipanda, na Jumapili ya mashindano makuu mapigo hupanda kwa kila mtu.

Kulikuwa na kasoro ya pili, isiyoonekana upesi. Viganja vinavyookoa kila pigo hubadilisha pia pembe ya uso wa fimbo. Pigo moja linapaa juu sana, lingine linakwenda chini. Fimbo ileile, umbali tofauti. Tena mpira ulioinuka sana ukikutana na upepo wa pwani ya Uskoti, haupo tena mikononi mwako. Kwa mtu aliyetaka The Open kuliko kitu kingine chochote, hii ilikuwa kasoro kubwa kuliko ile ya kushoto na kulia.

Aliyempa dawa ni David Leadbetter, Mwingereza kwa kuzaliwa aliyekulia Zimbabwe enzi ikiitwa Rhodesia, ambako alichipukia katika gofu pamoja na Nick Price. Walizungumza Sun City, Afrika Kusini, mwaka 1984, na mwaka uliofuata Faldo akamkabidhi swingi yote. Neno "yote" ndilo lenye uzito hapa. Wachezaji wengi huomba kurekebishiwa kitu kimoja. Leadbetter alijua kwamba katika swingi hii kitu kimoja kisingewezekana. Ukiituliza miguu na kuiacha fimbo ipande wima vilevile, itashuka kutokea nje na kuukata mpira. Ukibadili njia ya fimbo na kuiacha miguu iteleze vilevile, fimbo itazidi kuachwa nyuma. Kila kasoro ilikuwa imeegemea nyingine, na ndiyo maana kwa miaka yote ile mchanganyiko wao ulikuwa umeweza kushinda mashindano.

Kwa hiyo walianzia chini. Magoti yalikunjwa zaidi na nyayo zikatanuliwa, ili mtu mrefu apate kitako cha kusimamia. Vifundo vya mikono vilikunjwa mapema fimbo inapoanza kupanda, vikishakaa mahali pake visiwe na kazi nyingine. Fimbo ilizunguka mwili zaidi badala ya kupanda wima. Mabega yalizunguka kikamilifu juu ya goti la kulia lililotulia, na wakati wa kushuka kiwiliwili ndicho kilichoongoza, mikono ikafuata. Kwa ufupi, kazi ilihamishwa kutoka misuli midogo ya viganja kwenda misuli mikubwa ya mgongo, nyonga na mapaja. Misuli mikubwa ni mizito na haina haraka, na kwa sababu hiyohiyo haiyumbi sana mtu akiwa na woga.

Kuelewa hayo ni kazi ya mchana mmoja. Kuufanya mwili uyakubali kulimchukua Faldo takriban miaka 2. Kule Florida, kwenye joto na unyevu, siku nyingine alipiga mipira zaidi ya 1,000, akifuata zoezi moja hadi viganja vichubuke. Na katikati ya mazoezi hayo aliendelea kushindana, jambo ambalo naliona gumu kuliko mazoezi yenyewe: kusimama mbele ya watu wakati swingi ya zamani imeondoka na mpya haijafika. Tangu Mei 1984 hadi Mei 1987 hakushinda shindano lolote la Ulaya. Wadhamini walimkimbia. Waandishi waliandika kwamba amejiharibu.

Ishara ya kwanza kwamba dawa imeshika ilitokea mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Aprili 1987 Faldo hakualikwa Masters. Wiki hiyohiyo alikwenda kucheza shindano dogo huko Hattiesburg, Mississippi, akashika nafasi ya pili. Raundi zake nne zilikuwa 67, 67, 67, 67. Kwangu mimi namba hizo zinaeleza zaidi kuliko ushindi alioupata Hispania mwezi uliofuata. Mchezaji wa viganja huweza kupiga 63 leo na 72 kesho. Anayeleta 67 mara nne mfululizo ana mashine inayojirudia.

Sasa rudi Muirfield ukiwa na hayo kichwani. Faldo alikosa grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, mara kadhaa siku ile na kujiokoa kutoka kwenye banka za mchanga, hakuwa malaika. Lakini makosa yake yalikuwa madogo, yanayookoleka. Azinger, kwenye shimo la 17, alichukua fimbo kubwa akatumbukia kwenye banka. Kwenye la 18 akaingia banka nyingine. Mbele yake, Faldo alikuwa ameshasimama kwenye shimo hilohilo la 18 akiwa na fimbo ya chuma namba 5 na pigo ambalo swingi ya 1983 ingeliogopa. Mpira ulikwenda moja kwa moja kwenye grini. Akausukuma, ukapita shimo kwa futi chache, akausukuma tena ukaingia. Pari ya 18.

Yaliyofuata yanajulikana: Masters 1989 na 1990, The Open 1990 na 1992, Masters 1996. Mwaka 1990 kule St Andrews alifikisha mikwaju 270, akashinda kwa 5. Mwaka 1996 alianza siku ya mwisho akiwa nyuma ya Greg Norman kwa mikwaju 6, akapiga 67, Norman akapiga 78. Humo mna pigo moja ninalolipenda: shimo la 13 la Augusta, uwanja wa Masters, maji mbele ya grini, Faldo akichukua fimbo, akiirudisha, kisha akichagua chuma namba 2 na kuutua mpira kwenye grini. Norman alikuwa amesimama hapohapo akitazama.

Sifa nyingi zilimwendea Leadbetter, na wachezaji wengi walimfuata wakitaka wabomolewe nao. Nadhani walichukua funzo lisilo sahihi. Faldo alifaulu kwa sababu alijua kasoro yake kwa jina kabla ya kugusa chochote, na kwa sababu hakurudi nyuma wakati matokeo yalipokuwa mabaya. Bila mambo hayo mawili, kubadili swingi ni kupoteza miaka tu.

Video za 1983 na za 1990 zote zipo mtandaoni. Mwenye nia ya kujifunza aziweke pamoja, asiufuate mpira wala mikono, atazame magoti.