Sinia Ngapi

Mpishi wa shughuli hapa Unguja haulizi kadi ngapi zimegawiwa. Anauliza watakaa wangapi kwa mpigo mmoja, wanaume watalishwa mwanzo au mwisho, na nikahi inasomwa baada ya alasiri au baada ya isha. Mwenye shughuli kichwani mwake ana watu mia nne. Mpishi ana sinia ishirini na tano, watu wanne kila sinia, zijae mara nne. Mimi kazi yangu ni kukadiria seva za ripoti, na kila nikimsikiliza mpishi wa namna hiyo naona tumesoma chuo kimoja.

Seva ya ripoti ni ile mashine ambayo meneja akitaka kujua mwezi uliopita vyumba vingapi vilipata wageni, na kila wakala anadaiwa kiasi gani, inaingia kwenye hifadhidata, inachambua, inajumlisha na kumtolea jibu. Mji Mkongwe utaikuta kwenye ofisi za hoteli, za boti, za wauza viungo, aghalabu katika kijumba chini ya ngazi. Kabla haijanunuliwa lazima mtu atamke: prosesa ya kore ngapi, kumbukumbu gigabaiti ngapi, diski kubwa kiasi gani. Akikosea kwa kupunguza, ofisi inakaa ikitazama skrini. Akikosea kwa kuzidisha, fedha za watu zimelala chini ya ngazi zikipulizwa na feni.

Niliwahi kuitwa na hoteli moja ya vyumba 80. Mwenyewe alikuwa keshaambiwa anunue mashine kubwa sana, kwa sababu "data ni nyingi". Nikaomba karatasi. Siku ya kawaida vyumba 56 vina wageni. Kila chumba huandikiwa mistari kama 12: malazi, chakula, vinywaji, dobi, teksi, kodi. Hiyo ni mistari 672 kwa siku, 245,280 kwa mwaka, na kwa miaka mitano 1,226,400. Kila mstari tuupe baiti 200, tunapata megabaiti 245. Ongeza faharasa, zidisha hata mara tatu, bado mzigo wote unaenea kwenye simu ya mtoto wa skuli. Yule bwana aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Data yake ya miaka mitano, aliyokuwa akiiogopa, ilikuwa ndogo kuliko harusi moja iliyorekodiwa kwa video.

Basi kwa nini ofisi yake ililia kila mwanzo wa mwezi? Jibu halikuwa kwenye karatasi. Nilimfuata mhasibu mkuu, mama wa makamo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamuuliza siku gani kazi inamlemea. Akasema tarehe mbili asubuhi, maana wote wanafungua kwa pamoja na hakuna anayemngoja mwenzake. Nikamuuliza ripoti ikichelewa hufanya nini. "Naibonyeza tena," akasema. "Huenda haikusikia."

Jibu hilo lina thamani kuliko kitabu kizima cha maelezo ya mashine. Ripoti inayochelewa inabonyezwa mara mbili, mara tatu, na kila mbonyezo ni kazi mpya iliyoongezwa juu ya ile iliyokwama. Hapo foleni inajizaa yenyewe. Waliosajiliwa kwenye mfumo walikuwa 34, lakini walioshughulika saa tatu ya asubuhi ile walikuwa tisa, na tisa hao walikuwa wakitoa mzigo wa watu ishirini.

Hesabu ya jambo hili ina wazee wake. Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 uchambuzi wa simu zinavyoingia, na kazi yake ndiyo iliyofundisha dunia kukadiria nyaya zinazotosha mji mzima bila kila mtu kuwa na waya wake. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni ambayo naitumia karibu kila wiki: kazi zilizomo ndani, kwa wastani, ni zinazoingia kwa muda fulani zidisha muda ambao kila moja inakaa. Zikiombwa ripoti 90 kwa saa, kila moja dakika mbili, ndani zimo tatu. Zikianza kuchukua dakika sita, zimo tisa, na waombaji ni walewale.

Lakini wastani nao una hatari zake, na mimi uliniadhibu. Ofisi moja niliipimia kwa hesabu za Aprili, masika, wakati hoteli kadhaa za pwani zimefunga milango. Agosti ilipofika, nikapigiwa simu. Tangu hapo nauliza habari za mwaka mzima: Julai na Agosti, Disemba, na Ramadhani pia, ambapo saa za kazi hufupishwa na ripoti zilizokuwa zikitawanyika mchana kutwa zinabanana asubuhi.

Kwa Bi Mkubwa, kilichopungua kilikuwa kumbukumbu. Ripoti inapopanga mistari inahitaji meza ya kutandazia. Meza ikiwa ndogo vitu vinashushwa sakafuni, yaani kwenye diski, na kuinama kuviokota kimoja kimoja ndiko kunakokula dakika. Nikaupa mfumo wenyewe gigabaiti 4, hifadhidata 6, na ripoti tisa za gigabaiti moja na nusu kila moja: jumla 23 na nusu. Nikaandika 32. Ile ripoti ya mwaka mzima ya kila wakala nikaipangia saa nane ya usiku, asubuhi aikute tayari. Mpango huo haukugharimu hata senti.

Halafu umeme. Mwaka 2008, kuanzia Mei, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ikarudia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013, lakini aliyeipitia miezi ile hakadirii mashine bila kukadiria betri. Mashine ya wati 400 inataka betri ya kuishikilia mpaka jenereta liwake, au mpaka izimike kwa adabu hifadhidata isije ikavunjika. Wati hizohizo 400 zinageuka joto chumbani, na kipoza hewa lazima kiwe na nguvu ya kulitoa. Na usisahau chumvi. Nimefungua seva ya miaka mitatu karibu na Forodhani, skrubu zake zimeshika kutu nyekundu kama msumari wa jahazi.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni karatasi inayobaki. Fundi wa kweli haachi tarakimu tupu. Anaandika na alikoitoa, ili atakayekuja baadaye ajue ipi imebadilika. Ya hoteli ile niliibandika ndani ya mlango wa kabati la seva, nimeifunika kwa plastiki kwa ajili ya unyevu. Vyumba 80. Mistari 12 kwa chumba. Watu tisa kwa pamoja, tarehe mbili, saa tatu asubuhi. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: wakifika kumi na wanne, hesabuni upya, na muanze kwa kumuuliza Bi Mkubwa.